Pumzi Kabla ya Neno

Royce Hadley alipokuja kurekodi, mtaa mzima ulijua. Gari lake refu jeupe halikuenea kwenye maegesho ya studio, basi dereva alilisimamisha barabarani chini ya mijakaranda, na wanawake waliotoka kununua donati walipunguza mwendo ili wamwone akiteremka. Hawakumjua kwa sura. Hakuna aliyemjua kwa sura. Lakini akishatamka tu, "Hamjambo, warembo," walishikana mikono wakapiga kelele, maana hiyo ndiyo sauti waliyoisikia kila walipokwenda sinema, taa zikishazimwa na filamu yenyewe haijaanza. Ndiye aliyewaambia kwamba dunia imebakiwa na saa chache. Ndiye aliyewaambia kwamba yuko mtu mmoja tu awezaye kuiokoa.

Verna Tillotson hakuna aliyempunguzia mwendo. Alishuka kwenye basi la barabara ya Sunset na mfuko wake wa kitambaa, ndani mna tufaa la kijani na mkate wa jodari, akafungua mlango wa studio kwa ufunguo wake mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea wageni na simu. Hata hivyo, kila neno lililompa Royce Hadley lile gari jeupe, Verna alikuwa amelisema kwanza.

Ndivyo kazi ya trela ilivyokwenda. Kionjo kile cha filamu ijayo, kinachopita upesi kama mtu anayekimbilia lifti, hakikatwi bila sauti ya kupimia picha. Na mtu kama Royce hawezi kuitwa kila neno linapobadilishwa. Kwa hiyo mtu wa mle mle ndani anasoma kwanza. Huiita sauti ya muda. Verna aliingia kwenye kijumba kilichozungushiwa magodoro, akala tufaa lake ili mdomo usilie tak-tak, akajikandamiza mto tumboni ili tumbo lisinung'unike kwenye maikrofoni, akasoma. Hratch Boyajian, mkata picha, alikaa upande wa pili wa kioo na kukata kwa kumfuata yeye. Verna akifunga neno, mlango unafungwa kwenye picha. Akivuta pumzi, mtu anageuza kichwa.

Kisha Royce alikuja, akavaa hedifoni, akasikiliza sauti ya Verna mara mbili au tatu huku amefumba macho, halafu akasema yake juu yake. Mjini walisema Royce Hadley hafanyi mazoezi, ana kipaji tu. Jioni Verna alichukua sumaku ya umeme ya kufutia mikanda, yenye mpini kama wa pasi, akaipitisha juu ya mkanda wa sauti yake mwenyewe mpaka ukawa mtupu, ili isije ikatokea sauti mbili zikachanganyika. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mingi.

Kisha ikaja filamu ya Paula Renshaw.

Ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza. Inamhusu mama mmoja wa Montana ambaye mwanawe amepotelea kwenye theluji. Paula alikuja studio kuangalia trela ilipofikia, amevaa koti la mvua wakati nje jua kali, akakaa nyuma ya Hratch bila kuegemea kiti. Picha zikapita. Theluji, kiatu cha mtoto, gari la polisi likiondoka. Na sauti ya Verna: "Walimwambia aache kumtafuta." Kimya. Pumzi. "Hakuacha."

"Nani huyu?" Paula aliuliza.

"Ni ya muda tu hiyo, bibie," alisema Hratch. "Bwana Hadley anakuja Alhamisi."

"Sijauliza anakuja nani. Nimeuliza huyu ni nani."

Hratch alinyoosha kidole ukutani, upande wa mapokezi. Paula akatoka. Alimkuta Verna na simu shingoni, anamwambia mtu asubiri kidogo tafadhali.

"Walimwambia aache kumtafuta," Paula alimwambia.

"Hakuacha," Verna alijibu, jinsi mtu anavyojibu salamu, kisha akaona haya na kuanza kupanga kalamu.

Paula aliushika ukingo wa ile meza kwa mikono miwili. "Usiende popote," alisema, akaingia kwa mwenye studio bila kubisha hodi.

Mlango wa Bwana Pell ulikuwa mwembamba. Verna alisikia kila kitu.

"Mpenzi wangu," Pell alikuwa akisema, "mwanamke anauza sabuni. Anauza uji wa watoto. Lakini watu hawatoki kwenye makochi yao kwenda sinema kwa sababu wameitwa na mwanamke."

"Mimi ni mwanamke, na nimekuita, na umekuja kazini mapema leo."

"Hiyo ni kwa sababu filamu yako ina kampuni kubwa nyuma yake."

"Basi ijaribuni. Wapelekeeni watu waisikie. Wakiikataa, nitanyamaza."

Pell akasema sawa. Walikubaliana hivyo: trela ionyeshwe yenye sauti ya Verna kwa watu wa kawaida, na watu hao ndio waamue.

Ile jioni Verna alimpigia simu dada yake Maxine, aliyekuwa na saluni ya nywele kule Van Nuys. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea wakati anabonyeza namba. Lakini kulikuwa na jambo la zamani kati yao. Utotoni, mjini Bakersfield, mwalimu wa kwaya alimwambia Verna afungue mdomo tu asitoe sauti, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya wavulana na iliwaburuta wenzake chini. Maxine alisimama mstari wa mbele, anaimba kama kinanda. Kila Krismasi tangu siku ile, nyama ya paja ikishakatwa, Maxine aliwaigiza wageni jinsi mdogo wake alivyokuwa akifungua na kufunga mdomo kama samaki wa kwenye chupa. Wageni walicheka. Verna naye alicheka, ili yaishe.

"Wewe?" Maxine alisema kwenye simu. "Sinema? Watu si watadhani baba amefufuka?"

"Haijawa bado. Kuna jaribio."

"Jaribio gani, we Verna! Mwongozaji mwenyewe kakuchagua! Ngoja... jamani, nyamazisheni hizo mashine, mdogo wangu atasikika sinema nchi nzima!" Nyuma yake sauti za wanawake zikalipuka. Maxine akarudi kwenye simu, na safari hii hakuwa na utani. "Tutakuja wote. Nitavaa lile gauni la kijani."

Verna alikata simu akabaki amesimama jikoni. Maxine hakuwahi kuvaa gauni la kijani kwa ajili yake.

Jaribio lilifanyika kwenye jengo la maduka huko bondeni, katika chumba kilichokuwa duka la viatu. Watu walioshikwa huko nje wakizungukazunguka na mifuko yao waliketishwa kwenye viti vya kukunja, wakapewa soda isiyo baridi. Hratch aliendesha mashine. Verna alikaa nyuma kabisa, karibu na rafu ambazo bado zilinuka ngozi. Pell na Paula walikaa pembeni.

Taa zikazimwa, na sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa. Hakuwahi kuisikia ikijaza chumba. Ilikuwa nzito na pana, haikumburuta mtu yeyote chini. Alipofika kwenye pumzi, mwanamume aliyekuwa mbele yake aliacha kutafuna.

Taa zikawashwa. Binti mwenye beji ya jina akauliza waonaje.

"Filamu nzuri," alisema yule aliyeacha kutafuna. "Lakini huyo mama anayeongea, ndiye yule anayetafuta mtoto?"

"Hapana, ni msimulizi."

"Sasa yeye kajuaje?"

Watu wakacheka. Kijana mwenye kofia ya besiboli akasema, "Mimi nilidhani ni tangazo. Nikawa nangoja waonyeshe dawa ya tumbo."

"Kama mwalimu wa shule ya Jumapili," alisema mwingine. "Nimekaa wima bila kupenda."

"Kwani yule jamaa yuko wapi?" aliuliza mume wa mtu. "Yule wa siku zote. Bila yule sijui kama ni sinema au ni televisheni."

Bibi mmoja mwenye fimbo, mstari wa pili, aliinua mkono. Alisema yeye alikuwa na mtoto aliyekufa, na sauti ile ilimpitia hapa. Akajigusa chini ya koo. Binti mwenye beji akamshukuru akamgeukia mwingine.

Wakati watu wakitoka, Pell alisema, "Dawa ya tumbo, Paula. Si mimi niliyesema."

Verna alimtazama Paula. Alikuwa amekumbuka ile mikono miwili mezani, akangoja ishike kitu tena. Paula alikuwa akitafuta kifungo cha koti lake.

"Niliahidi kunyamaza," alisema hatimaye, na hakumwambia Pell. Aliziambia rafu za viatu. Akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite karibu na Verna.

Njiani kurudi, ndani ya gari la Hratch lililojaa vikombe vya kahawa, Hratch alisema, "Wale hawajui kitu, Verna jan." Ndivyo alivyowaita watu aliowapenda, kwa lugha ya mama yake.

"Wanajua wanachokijua," alisema Verna. "Tangu wazaliwe wanakijua hicho hicho."

Alhamisi gari jeupe likaja. Royce Hadley aliteremka taratibu, amenenepa zaidi, anahema kwa kupanda ngazi ndogo tu, na sanduku la chokoleti kwapani kama kawaida yake. "Malkia wangu," alimwambia Verna, akaliweka sanduku mezani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilimuuma Verna kuliko lingine lolote.

Alikuwa amejiapiza kubaki mapokezi. Lakini baada ya muda Pell alitoka, uso mwekundu. "Ingia kidogo umsaidie. Kuna neno linamshinda."

Verna akaingia, akasimama karibu na Hratch. Nyuma ya kioo Royce alisema, "Walimwambia aache kumtafuta." Akahema, filimbi ikalia kifuani mwake. "Hakuacha!"

"Umesikia?" Royce alimuuliza Verna kupitia spika. "Nikilisema mimi, inakuwa kama mama huyu anakwenda kulipua daraja. Wewe ulilisemaje?"

Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kumwambia aongeze nguvu, akaharibu kabisa, na hakuna ambaye angejua. Alifungua mdomo aseme hivyo. Royce akajaribu tena, "Hakuacha!", na masikio ya Verna yakakataa. Ilikuwa kama kumwona mtu akimvalisha mtoto wako nguo nyuma mbele.

"Usimtangaze," alisema. "Wewe mwenyewe hujui kama atampata. Liseme kama unafunga mlango na hutaki kumwamsha aliyelala."

Royce akafumba macho. "Liseme wewe."

"Hakuacha."

"Tena."

"Hakuacha."

Royce akalisema. Likatoka kamili, la kwake na la Verna, na Hratch akainamisha kichwa juu ya vifungo vyake. Pell akapiga makofi.

Royce alipotoka alisimama mezani kwa Verna akingoja pumzi imrudie. "Hii ilikuwa yako," alisema. "Nimesikia watu wakisema."

"Ilikuwa ya muda."

"Ningekataa, wangemwita mwanamume mwingine, Curtis Vann. Wasingekuita wewe."

"Najua."

"Basi umejua." Akampapasa bega, akatoka, na nje wanawake wa donati wakapiga kelele.

Jioni ile Verna alichukua sumaku na kuufuta mkanda. Safari hii aliipitisha mara moja tu, haraka, uso akiugeuzia ukutani.

Alimpigia Maxine. Alimpigia mara kadhaa. Kila mara Maxine alikuwa na habari: wamekuwa wangapi wa kwenda sinema Ijumaa trela itakapoanza kuonyeshwa, nani kaomba ruhusa kazini, nani kamwazima hereni, jinsi alivyomwambia hata mchungaji. "Maxine, nisikilize," Verna alisema, na Maxine akasema, "Nitakusikiliza Ijumaa, mpenzi, mimi na nchi nzima!" Simu ikakatwa. Verna akajiambia atawaambia mlangoni mwa sinema. Mlangoni Maxine alikuwa amevaa gauni la kijani, mikono yote miwili imebeba ndoo ya bisi, na amepaka rangi ya mdomo. Verna hakuweza.

Walijaza mstari mzima. Taa zikazimwa, zikapita trela za filamu nyingine, za majambazi na za mapenzi, kisha theluji ikajaza skrini.

"Nyamazeni!" Maxine alisimama. "Nyamazeni nyote, mdogo wangu anaongea sasa hivi!"

"Mama, keti chini," mtu alisema nyuma.

"Keti wewe, mimi nimelipa!"

Kiatu cha mtoto. Gari la polisi. Na Royce Hadley akasema, "Walimwambia aache kumtafuta."

Kukawa kimya. Kisha, katikati ya kimya hicho, mtu akavuta pumzi. Haikuwa filimbi ya Royce. Ilikuwa pumzi nyembamba, ya kupitia puani, inayokwama kidogo mwishoni kama mtu aliyetaka kusema jambo akaliacha. Verna aliijua kabla haijaisha. Kifua chake mwenyewe kilipanda nayo pale gizani.

"Hakuacha," alisema Royce Hadley.

Maxine alikuwa bado amesimama. Trela ikaisha, na katuni ya kuwaambia watu wasitupe takataka ikaanza. Akaketi polepole. "Ni ile nyingine inayofuata?"

"Hapana. Ndiyo hiyo."

"Hiyo ni sauti ya mwanamume, Verna."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Verna angeweza kusema walibadilisha dakika ya mwisho. Badala yake alisema ukweli, na mara ulipotoka mdomoni aliusikia jinsi ulivyo mdogo. "Kabla ya lile neno la mwisho. Kuna mtu anavuta pumzi. Ni mimi."

Maxine alimkodolea macho. Mwanamke mmoja wa saluni akajiziba mdomo.

"Pumzi?" alisema Maxine. "Verna, hata mbwa wangu anavuta pumzi."

Mstari mzima ukacheka, mpaka bisi zikamwagika, na hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, ni kicheko tu cha watu waliovaa vizuri bure. Verna naye akacheka. Alijisikia akifungua mdomo, akajisikia akiufunga.

Filamu ilipokuwa inaendelea, Maxine alimwinamia gizani. "Ungeniambia nisiwalete."

"Nilikupigia. Hukunyamaza."

Maxine alimsogezea ndoo ya bisi, na Verna hakuigusa.

Jumatatu Hratch alimngoja mlangoni, ameficha tabasamu. "Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mapafu ya Royce yamekwisha, pumzi zake nazitoa zote, unajua. Lakini pale nikitoa, panakuwa shimo, picha inakufa. Nikaichukua yako kabla hujaufuta mkanda." Aliinua mikono kama mtu anayetoa zawadi. "Nimekuweka, Verna jan! Uko sinema! Pell hajui, wala Paula hajui. Mimi na wewe tu."

Alikuwa amefurahi kweli. Verna alimtazama mtu huyu aliyemsikiliza kwa miaka yote hiyo kuliko ndugu yeyote, akaona kwamba hakuna namna ya kumweleza.

"Na sasa utafanya hivyo kila mara?" aliuliza.

"Kila mara! Kwa nini nisifanye? Yako ni nzuri kuliko ya mtu yeyote mjini."

"Nipe hiyo karatasi."

Ilikuwa ya filamu mpya, ya manowari na wanajeshi. Verna aliingia kwenye kijumba cha magodoro, akala tufaa, akajikandamiza mto tumboni. Taa nyekundu ikawaka. Alisoma mstari wa kwanza. Mstari ulipoisha aligeuka, akatumbukiza uso kwenye godoro la ukutani, akavuta pumzi humo ndani ya vumbi na pamba, akarudi kwenye maikrofoni na kusoma wa pili. Alifanya hivyo mpaka mwisho wa ukurasa.

Hratch alibonyeza kitufe. "Verna jan, sikusikii ukivuta pumzi."

"Nimevuta."

"Kwenye mkanda haimo."

"Haimo," alisema Verna.

Hratch alirudisha mkanda nyuma, akausikiliza, akaupeleka mbele. Maneno yalikuwepo yote, safi, kila moja mahali pake, na kati yake hapakuwa na mtu. Alimtazama Verna kupitia kioo, na tabasamu lake likaanza kumpotea.

"Sasa mimi nikate wapi?"

"Popote," alisema Verna. Simu ilikuwa inalia mapokezi. Akavua hedifoni, akazitundika kwenye msumari, akaenda kumwambia mtu asubiri kidogo.